Moshi Siku ya Sabato

Jumapili, 12 Juni 1966

Binti yetu Kemuma alipoolewa aliliacha daftari hili likiwa na kurasa nyingi tupu, nami sipendi kitu kizuri kiliwe na mende. Nitaandika mambo ya mavuno haya. Mume wangu Machuki anacheka, ati mwanamke akianza kuandika, majirani wahame. Basi na wahame. Ardhi ni yao, lakini wahame.

Sisi hapa Nyatike ni jodak, mmoja wetu huitwa jadak. Ndivyo Wajaluo wanavyowaita watu waliopewa shamba la kulima bila kupewa ardhi yenyewe. Tulishuka kutoka Kisii wakati mgodi wa Macalder ulikuwa bado unalisha watu, na Mzee Maurice, mwenye ardhi, akatukatia kipande karibu na mashimo ya zamani ya dhahabu. Masharti yake yalikuwa matatu: tusimzike mtu hapa, tusiuze udongo, na tusilaze mgeni bila yeye kujua. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tumekaa vizuri. Mke wake Filister, Mama Paul, ni rafiki yangu wa kweli, ingawa yeye ni Mkatoliki na sisi ni Wasabato. Hunitania kwamba Jumamosi hata panya wa jikoni kwangu hukimbilia kwake kutafuta joto, kwa sababu siku ya Sabato sisi hatuwashi moto, tunakula chakula cha Ijumaa kikiwa baridi.

Mahindi yamekauka vizuri. Sokoni Macalder juzi walimkamata mtu wakasema ni mwizi wa ng'ombe kutoka ng'ambo ya mpaka. Walimpiga kwa mawe mpaka mguu wake ukabaki unatetemeka peke yake. Mimi nilikuwa napima maharagwe, na mkono wangu haukutikisika. Hilo ndilo lililonitisha baadaye.

Jumatano, 15 Juni

Tumevuna upande wa chini. Redio ya dukani inasema Uganda bado si shwari, watu wanavuka ziwa kwa mitumbwi.

Jumapili, 19 Juni

Leo nimekatwa na panga.

Nilikwenda kuokota kuni kwenye mashimo ya zamani. Nikasikia mtu anakohoa chini ya ardhi. Mwanamke mwenye akili angekimbia. Mimi niliinama nichungulie, panga likaja kutoka gizani likanipasua kiganja cha kushoto. Sikufikiri. Niliruka ndani nikamzaba kofi aliyelishika, akaanguka chali, ndipo nikaona tumbo lake. Mjamzito! Nyuma yake alilala mwanamume, paja limefungwa shati, na harufu yake ilinifanya nigeuze uso.

Nikawauliza kwa Kiswahili, "Nyinyi ni nani?" Yule mwanamke akajikunja, akafunika kichwa kwa mikono miwili. Nilielewa baadaye. Kwao Kiswahili ndicho wanachokisema askari wa jeshi: toka nje, lala chini, lete mume wako. Basi nikaanza kufoka kwa Kigusii, nikimlaani kwa sababu ya mkono wangu, naye akainua kichwa. Aliomba maji kwa lugha yake, na lugha yake si mbali na yetu. Nikampa kibuyu changu. Alimnywesha mwanamume kwanza.

Anaitwa Nalubega. Mwanamume ni Serwada, shemeji yake. Mumewe aliuawa mlangoni kwao, karibu na Kampala. Wavuvi waliwashusha Karungu wakawaambia wajifiche, maana serikali ikiwapata inawarudisha, na wakirudishwa watauawa.

Jumatatu, 20 Juni

Nimemwambia Machuki. Sijawahi kumficha kitu, na mkono ulikuwa umevimba.

"Umewapa nini?" akauliza.

"Maji. Na mahindi ya kuchemsha."

"Unajua ni watu gani?"

"Ni watu."

"Hata waliomchinja ndugu yake Mama Paul walikuwa watu."

Hapo alinipata. Mwaka jana ndugu yake Filister aliwapa wasafiri wawili ugali na kitanda. Alfajiri wakawafungulia wenzao zizi, naye wakamkata shingo, ng'ombe wakavushwa mpaka. Alikuwa mtu mwema kupita wote kijijini. Tangu siku hiyo watu wa hapa wakimwona mgeni wanatazama mikono yake kwanza.

"Mama Kemuma," Machuki akasema, "mimi ni mzee wa kanisa. Biblia inasema mtii mamlaka."

"Na inasema mpende mgeni, kwa maana nanyi mlikuwa wageni. Au ukurasa huo umechanika kwenye yako?"

"Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Sijaona, sijasikia, usiniambie tena."

Akaenda kulala. Nilikuwa na hasira ya kutosha kupasua chungu.

Ijumaa, 24 Juni

Baraza la chifu. Mtu yeyote aliyetoka nje bila karatasi apelekwe kwake. Atakayemficha, jela miezi sita. Bibi mmoja akauliza, "Na akiwa na njaa?" Chifu akajibu, "Mlete na njaa yake." Watu walicheka. Filister, aliyekaa karibu nami, hakucheka. Alisema kwa sauti, "Wakiletwa kwangu mimi, hawatamfikia chifu."

Jumatatu, 27 Juni

Kila siku nabeba uji wa wimbi ndani ya kikapu, juu nafunika majani ya kunde. Nalubega ananiita nyabo, yaani mama kwa heshima. Paja la Serwada limeoza. Ninaosha kwa maji ya chumvi naye anauma kipande cha mti mpaka ufizi unatoa damu.

Jambo moja. Machuki, ambaye tangu nimjue hajawahi kuacha hata ukoko, sasa kila jioni anaacha nusu ya ugali sahanini. "Nimeshiba," anasema, na haniangalii. Nami siulizi.

Alhamisi, 30 Juni

Mtama wa Filister nimemsaidia kuvuna. Kijana wake mkubwa, Paul, anaoa Desemba. Filister anacheka siku nzima. Nilikaa naye nikila samaki wake na nikimficha habari ya mashimoni.

Jumapili, 3 Julai

Nimekosea kumuuliza Serwada alivyopigwa risasi. Nilitaka tu aongee, asahau maumivu.

Amenieleza kwa Kiswahili chake kibovu. Askari walipomuua kaka yake, yeye alikuwa nyuma, migombani. Askari mmoja akamkamata Nalubega nywele akamburuta. Serwada akaja na jembe, akampiga shingoni. Akampiga tena. Mpini ukavunjika, akaendelea na chuma. "Alikuwa kijana," akasema. "Alilia kwa mama yake. Mimi sikuacha." Wenzake ndio waliompiga risasi alipokuwa anakimbia.

Aliyasema akinitazama, kama mtu anayengoja kofi. Nikachukua kikapu changu nikaondoka.

Haya sasa. Nimekuwa namlisha muuaji. Uji wangu, wimbi la shamba la watu, mkono niliokatwa. Nilifikiri napewa malaika wawili shimoni nipate taji mbinguni? Lo, Mokeira, umejipalia makaa.

Jumanne, 5 Julai

Jana sikuenda. Leo pia.

Jumatano, 6 Julai

Nimeenda. Walikuwa wanatafuna mtama mbichi ulioangushwa na ndege. Nalubega hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Nimejiuliza njiani kama ningekuwa na jembe, na Kemuma wangu ameshikwa nywele, ningepiga mara ngapi. Sitaki kuandika jibu.

Jumatatu, 11 Julai

Paul ameuawa.

Alikuwa ananywesha ng'ombe mtoni, mchana kweupe. Wezi walitoka kwenye matete na mishale. Mmoja ulimpata chini ya titi, mwingine jichoni. Nduru ikapigwa, lile yowe ambalo kila mwanamume akilisikia lazima atoke mbio na silaha. Asiyetoka, kesho anaulizwa kwa nini. Machuki akachukua panga na fimbo akakimbia.

Mimi nilikimbia kwa Filister. Walimleta mwanawe kwenye ngozi ya ng'ombe. Aliushika ule mshale wa jichoni akataka kuung'oa, wanawake watatu tukamzuia, akatuburuta sote. Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mtu. Akaniambia, "Mama Kemuma, wanatoka nje, wanakula kwetu, wanatuua. Nani anawalisha? Nani?"

Nilimshika tu. Mungu ananiona.

Jumanne, 12 Julai

Machuki amerudi asubuhi. Wezi hawakuwapata, walishavuka na ng'ombe wote. Lakini njiani walikutana na wachuuzi wawili wa kamba, watu wa ng'ambo waliokuwa wanaelekea Masara. Wakawauliza mnatoka wapi. Wakajibu. Hayo yalitosha.

Shati lake lina damu hadi kwenye kola. Aliingia nyuma ya nyumba akafua mwenyewe, mume wangu ambaye hajui sabuni inakaa wapi.

"Baba Kemuma, ulipiga?"

"Kila mtu alipiga."

"Nimekuuliza wewe."

Aliusugua ule mkono wa shati kwa muda mrefu. "Mzee zaidi kati yao alinishika mguu," akasema. "Alifikiri nitamsaidia kwa sababu mimi ndiye mwenye mvi. Nikampiga fimbo ili aniachie."

Nilimpelekea maji ya pili.

Alhamisi, 14 Julai

Tumemzika Paul. Wanaume walikimbiza wingu la kifo kwa mikuki kama ada yao ilivyo, na hawajairudisha mikuki nyumbani. Wanalala nayo kwa Maurice. Njia zote zinalindwa. Nimeshindwa kupeleka uji.

Ijumaa, 15 Julai

Mvua isiyo ya wakati wake, kubwa, toka adhuhuri. Mahindi yaliyoanikwa yameloa. Nililia nikiyaingiza, na Machuki akajua silii mahindi.

"Mashimo yanajaa maji," akasema.

"Najua."

Akavaa koti. "Twende tuwalete."

Nilidhani nimesikia vibaya. Jioni hiyohiyo, Sabato ikiingia, walinzi wamejificha mvua, Machuki alimbeba Serwada mgongoni kama gunia. Mimi nilimvuta Nalubega mkono, maji yakiwa yamemfika kiunoni. Serwada tumemlaza chumbani kwetu. Nalubega yuko jikoni, nyumba ndogo ya nje, pamoja nami. Moto tumeshauzima kwa ajili ya Sabato. Tumekula baridi, wote wanne, na Machuki ameomba.

Jumatatu, 18 Julai

Naandika kwa sababu nisipoandika nitampiga mtu.

Jumamosi asubuhi Nalubega alishikwa na uchungu. Alikuwa anatetemeka meno yakigongana, nguo zake zimelowa, na maji ya mtungini yalikuwa baridi. Mimi nilimsugua mgongo kwa leso. Machuki alisimama mlangoni akimtazama, kisha akainama kwenye mafiga akaanza kupanga kuni.

"Baba Kemuma, ni Sabato."

"Najua ni siku gani." Akawasha kiberiti. "Nilipiga mtu Jumanne na sikuulizwa ni siku gani."

Kuni zilikuwa mbichi kwa mvua. Moshi ulitoka mwingi, ukapanda juu ya paa, mweupe, na mvua ilikuwa imekatika. Hata mimi sikuwaza. Tulikuwa tunawaza maji ya moto. Miaka yote tuliyokaa hapa, hakuna jirani aliyewahi kuona moshi kwetu siku ya Jumamosi.

Filister aliuona. Rafiki yangu, mwenye matanga ya siku tano, alijisemea kwamba Wasabato wakiwasha moto leo basi kuna msiba. Akachukua kibuyu cha maziwa akaja kutufariji. Nilisikia sauti yake uani, "Hodi, Mama Kemuma, mna nini?" Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya Nalubega, sikuweza kuinuka. Machuki alitoka mbio amzuie, lakini Filister alikuwa ameshaingia nyumba kubwa. Akakuta mwanamume mgeni kwenye kitanda changu.

Kibuyu nilikisikia kikianguka. Kisha nduru.

Walifika upesi mno, maana mikuki ilikuwa bado mikononi. Nilichungulia kwenye ufa wa ukuta. Machuki alikuwa amesimama mlango wa nyumba kubwa, mikono ameitanua, bila fimbo, bila chochote. Maurice alikuwa mbele.

"Toka hapo, Machuki."

"Ni mgonjwa. Ni mgeni wangu. Mwenye kosa ni mimi."

"Jadak hana mgeni," Maurice akasema. "Mwanangu hata udongo wake haujakauka."

"Mzee, mnajua tulivyofanya Jumanne. Wale hawakuwa wezi. Mnajua. Tusi..."

Sikuona rungu lilikuwa la nani. Wote nawajua, wote wamekula kwangu. Lilimpiga juu ya sikio, akapiga magoti, la pili likamlaza. Wakamruka. Serwada walimtoa kwa kumvuta mguu ule uliooza, na ukelele alioutoa ulimfanya Nalubega ainuke nusu. Nikamziba mdomo kwa kiganja changu chenye kidonda. Akakiuma. Nikamwacha aume. Nje yalikuwa mawe, kwa muda mrefu, hata baada ya Serwada kunyamaza.

Mume wangu alikuwa amelala uani na mimi siwezi kutoka. Kichwa cha mtoto kilikuwa mkononi mwangu. Ningekiachia kingeanguka. Nilikishika kichwa cha mtoto wa watu nikamwacha mume wangu kwenye matope, na sasa kila nikifumba macho naulizwa, nawe Mokeira, ulichagua hivyo? Sikuchagua! Nilikuwa nimeshika!

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Filister. Mkononi ana jiwe lenye damu. Aliniona, akamwona Nalubega, akaona damu na kile kichwa cheusi kidogo kilichokuwa kinageuka. Nikamwambia, "Mama Paul."

Nje sauti ikauliza, "Kuna nani humo?"

Filister alisimama. Alikuwa anahema kwa nguvu. Kisha akasema, "Mwanamke anazaa. Mwanamume asiingie." Akafunga mlango kutoka nje.

Mtoto ni mwanamume. Nilikata kitovu, nikamweka kifuani kwa mama yake, nikatoka. Machuki alikuwa bado anapumua. Alikufa jua likizama, Sabato ikitoka, kichwa chake mapajani mwangu. Hakusema neno lolote la mwisho. Alikoroma tu.

Nitaandika ukweli, maana hakuna atakayesoma. Usiku kucha nilimchukia Nalubega. Mtoto alilia na nilitaka kumtupa shimoni. Ningeulizwa jana kama ningefanya tena, ningesema hapana, na ningeapa.

Jumanne, 19 Julai

Askari wamekuja kutoka Homa Bay, koplo na wenzake wawili, kuchukua maiti zote mbili zikaangaliwe na daktari. Koplo akauliza nani aliua. Maurice akasema ni umati. Koplo akaandika umati.

Kisha akamwona Nalubega, amekaa mlangoni pa jiko ananyonyesha.

"Na huyu? Nimeambiwa wageni walikuwa wawili. Wewe mama, una karatasi?"

Nalubega alisikia Kiswahili na kofia akaiona, akaanza kukojoa palepale alipokaa. Ua ulikuwa umejaa watu. Maurice alikuwapo, Filister alikuwapo, na wazee wawili wa kanisa letu waliokuja kupanga mazishi ya mwenzao. Walikuwa wameshaniambia mchungaji mwenyewe atakuja, na kwaya.

Nilikuwa bado namchukia. Nataka hilo lieleweke. Mdomo wangu ndio uliosema.

"Huyo ni wa hapa. Ni mke mdogo wa marehemu."

Koplo akageuka. "Mke mdogo?"

"Machuki alimwoa kwa siri, huko kwa ndugu zetu wa mbali. Hakutaka kanisa lijue. Mimi sikumzalia mwanamume. Alikuwa anatafuta mtoto wa kiume, amempata, ndiye huyo ananyonya."

Mzee mmoja wa kanisa alisema, "Dada Mokeira! Machuki? Miaka yote akituhubiria mke mmoja?"

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa mnafiki."

Haki ya Mungu, nililisema neno hilo juu ya mume wangu, nguo yangu ikiwa bado na damu yake. Wazee walivaa kofia zao wakaondoka bila kuniaga. Mchungaji haji tena.

Koplo hakuwa mjinga. Alimtazama Nalubega, kisha akawatazama majirani, akamchagua Filister kwa sababu ya nguo zake za matanga. "Mama, wewe ni jirani. Sema kweli. Unamjua huyu?"

Filister alimwangalia mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu na makavu. Nilijua hesabu anayoifanya, ya Paul na ya ndugu yake, na sikuwa na haki ya kumwomba chochote. Maurice akafungua mdomo, mkewe akamtangulia.

"Namjua," akasema. "Ni nyieka wake. Mke mwenzake."

Koplo akafunga daftari lake.

Walipoondoka nilimfuata Filister hadi kwenye ua wake. Nilitaka kumshika mikono. Akairudisha nyuma.

"Usifikiri nimekusamehe," akasema. "Ulikula samaki wangu huku unawaficha. Mtoto hakuua mtu, basi. Kesho ondokeni. Na tukikutana sokoni usinisalimie."

Nimejibu, "Sawa, Mama Paul." Ana haki. Angekuja kwangu Jumamosi na mkuki angekuwa na haki. Alikuja na maziwa.

Alhamisi, 21 Julai

Mahindi tumeyaacha. Tuko Rodi Kopany, lori limeharibika, sanduku la Machuki liko nyuma kati ya magunia ya mtu mwingine. Nalubega amenishika nguo tangu Homa Bay. Nimemwambia aachie. Hajaachia.

Jumapili, 24 Julai

Kisii. Tumemzika nyumbani kwa baba yake, bila mchungaji na bila wimbo hata mmoja wa kanisa. Shemeji zangu walichimba kaburi kimya kimya. Habari ya mke mdogo ilikuwa imetutangulia, sijui kwa miguu ya nani.

Mama mkwe wangu, Nyanchama, alikuwa amelia siku nne mpaka sauti imekwisha. Nilipomshusha Nalubega kwenye lori na mtoto, aliinuka kwenye mkeka, akamfunua mtoto uso, akamtazama sana. Kisha akapiga vigelegele mbele ya sanduku la mwanawe.

"Ni yeye! Jameni njooni mwone! Paji hili ni la Machuki mtupu!"

Akampa jina palepale, Machuki, na shemeji wakubwa wakasema shamba la juu, lile la migomba, litakuwa lake akikua. Mimi nimekaa ukoo huu tangu nikiwa msichana, na kwa sababu ya kuzaa binti mmoja tu nimeitwa tumbo la jiwe. Shamba lile nililima mimi. Nimempa mtoto wa mtu nisiyemjua jina la mume wangu, na ardhi yake, na heshima yake, na hakuna kurudi. Lakini hakuna askari atakayekuja kumchukua hapa, na mama yake hatarudishwa ng'ambo ya ziwa.

Kaburini Nalubega alijitupa juu ya udongo. Alilia kwa lugha yake, akajipaka matope usoni, watu wawili wakamshika. Nilijua anamlilia nani. Alikuwa na mume aliyemwacha mlangoni bila kumfunika hata kwa jani la mgomba, na leo ndipo amepata kaburi la kulilia. Wanawake wakanong'ona, "Huyu mdogo alimpenda kweli."

Mimi machozi hayakuja. Yamekauka tangu ile Jumamosi. Mama mkwe akanisogelea, mtoto begani, akanitazama kwa uchungu.

"Mokeira, mbona hulii? Hata leo una wivu?"

Shemeji zangu wote walikuwa wanasikiliza.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni wivu."